Imani yetu kwenye kibanda cha pesa

Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Mabenki yalifunga milango. Mwezi wa nne M23 ilifungua tena CADECO mjini Goma, lakini mabenki mengine yalibaki yamefungwa. Tangu hapo mshahara wa mwalimu, au pesa ambayo mtoto aliye Kinshasa anamtumia mama yake, inapita zaidi katika simu. Ili igeuke noti ya kununulia unga, ni lazima kupita kwa mtu wa kibanda, naye anakata asilimia yake.

Wengi wa watu hao wa vibanda ni ndugu na dada zetu. Wanaimba katika kwaya, wanaongoza vikundi vya maombi. Kwa hiyo tujiulize: jirani anayekwenda kutoa pesa kwao anaonja imani gani?

Tuseme ukweli kwanza. Noti ni chache na ni ghali. Mwenye kibanda naye anaitafuta kwa gharama, anaibeba kwa hofu ya wanyang'anyi, na ana watoto wa kulisha. Kukata kitu kwa kazi hiyo si dhambi. Dhambi inaanza pale bei inapopanda kwa sababu mama aliye mbele yako ana mgonjwa hospitalini na unajua hana pengine pa kwenda. Ni sawa na gigozi iliyobondwa chini sokoni: kopo linaonekana zima, lakini maharagi hayatimii. Nabii Amosi (sura ya 8) aliwakemea wafanyabiashara waliongoja Sabato ipite ili wapunguze kipimo. Watu hao walishika Sabato!

Watoza ushuru walipokwenda kubatizwa (Luka 3), Yohana hakuwaambia waache kazi yao. Aliwakataza kutoza zaidi ya kilichopangwa. Kwa mwenye kibanda wa leo maana yake ni wazi. Andika bei yako ukutani, mteja aione kabla hajatuma. Bei iwe moja kwa jirani na kwa mkimbizi, kwa mtu wa kabila lako na wa kabila lingine. Noti iliyopasuka ambayo wewe unaikataa, usimsukumie kipofu au mzee. Katika miji ambamo watu wameanza kuogopana kwa sababu ya lugha na sura, bei moja kwa wote ni mahubiri ambayo kila mtu anayaelewa.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Kila siku ya Mungu sadaka inaingia kwa noti ndogo ndogo, zile zile ambazo mtaa unazitafuta. Kamati inaweza kuwabadilishia wajane, wagonjwa na walimu bila kukata faida: wao wanatuma kwa simu ya kanisa, wanapokea noti. Kila kitu kiandikwe katika daftari mbele ya mashahidi wawili, ili mtunza hazina asije akafanya biashara yake humo.

Viongozi wa ECC na CENCO wamehangaikia mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani. Kinshasa na Kigali walitia sahihi Washington tarehe 27 mwezi wa sita 2025, kisha serikali na M23 wakatia sahihi tamko la kanuni huko Doha tarehe 19 mwezi wa saba. Tuendelee kuyaombea hayo yote. Lakini hakuna aliyeketi Doha anayepanga bei ya kibanda cha mtaa wako. Hiyo inapangwa na mtu tunayeshiriki naye meza ya Bwana.

Wapendwa, Zakayo alipompokea Yesu, habari njema ilifika pia kwa wale aliokuwa amewanyang'anya, kwa maana aliahidi kuwarudishia mara nne. Wazee wa kanisa, wekeni jambo hili katika kikao chenu kijacho, na waiteni wenye vibanda wa parokia yenu waje kulizungumza pamoja nanyi.