Jina Langu Halina Shida, Programu Yako Ndiyo Iko na Shida

Wasee, hii lazima niiseme leo. Kuna jamaa hapa Migori anaundia maduka programu. Juzi ananiambia, "Toa hiyo alama kwa jina lako, inasumbua sistimu." Alama gani? Ritifaa! Ile ya ng'ombe, ya Rang'we, ya kina Ong'ong'a na Nyang'au. Yaani babu yangu ndiye alikosea, si yeye?

Nikaomba nione kazi yake. Ameandika 'Rang'we'. Python ikadhani neno limeisha kwa Rang, ikabaki na we haijui iipeleke wapi, ikatema SyntaxError. Dawa ni kubadilisha alama za nje tu: "Rang'we". Kwisha. Na jina likitoka kwa fomu kwenda hifadhidata ya sqlite3, weka alama ya kuulizia kwa amri, jina ulipitishe kando. Ukiyagundisha pamoja, leo ritifaa ya mteja inavunja amri yako, kesho mwizi anaingiza yake hapo hapo. Hata kina O'Brien wa Ireland wamelia na hii kitu miaka mingi, kwa hivyo usiniambie ni shida ya majina ya huku kwetu.

Mnipige pia mimi, kwa sababu nimewahi kujificha nyuma ya mashine. Waya wangu, yaani shangazi, anauza omena soko la Homa Bay. Nikamtengenezea kaprogramu ka hesabu. Kilo ni 250, watu wengi hununua robo, hiyo ni 62.50. Senti hamsini nani bado anabeba? Nikatumia round(). Baada ya mwezi akaniita: "Nyathina, pesa yangu imeenda wapi?" Nikamjibu eti kompyuta haikosei.

Bana, round(62.5) kwa Python 3 ni 62. Si 63 kama tulivyofunzwa primary. Nusu ikiwa katikati kabisa, Python huchagua nambari shufwa iliyo karibu, kwa hivyo 63.5 inakuwa 64. Wazo lenyewe si baya: ukiwa na nambari za kila aina, zinazopanda na zinazoshuka zinasawazishana. Lakini waya hana nambari za kila aina! Ana 62.5, 62.5, 62.5, kutwa nzima. Kila mara anakatwa, hakuna siku atarudishiwa. Wateja arobaini ni 20 bob kwa siku. Siku 26 za soko, 520.

Nikahamia Decimal na ROUND_HALF_UP. Halafu hapo ndipo alama za mtajo zikarudi kunicheka. Decimal(2.675) bila alama inabeba uchafu ambao nambari ya desimali imeshapata ndani ya mashine, ndiyo maana hata round(2.675, 2) inakupa 2.67. Andika Decimal('2.675') na inabaki vile ulivyoiandika. Alama mbili ndogo tu, na kuna watu wanaandika programu za mikopo hawajui hii.

Nimemwambia waya ukweli, kwamba ni mimi nilichagua round() bila kuuliza inafanya nini. Hajajali kuhusu Python hata kidogo. Anataka 520 yake. Nimelipa 300, na amekataa kabisa nikadirie iliyobaki.