Jino Lililotibiwa Lahitaji Noleo

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imetufaa kwa mengi, lakini katika tiba ya meno imetupotosha, kwani wengi huamini kwamba jino likishazibwa limepona. Mkulima wa Roret anayetumia sehemu ya bonasi ya majani chai kutibiwa mizizi ya gego huambiwa kwamba neva "imeuawa" na jino "limezibwa". Hurudi nyumbani ameridhika. Siku moja anapotafuna mahindi ya kuchoma, gego hupasuka hadi mzizini. Hapo aghalabu hapana tiba ila kung'oa, na fedha zake zimepotea bure.

Kwa nini jino hilo hupasuka? Wengi husema kwamba limekufa na kukauka. Hiyo si sababu kuu. Kinachodhoofisha jino hasa ni kupungua kwa mwili wake. Mwaka 1989, Reeh na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba tundu la kuingilia mizizini, peke yake, hupunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 tu, ilhali kupotea kwa kingo za pande zote mbili huupunguza kwa asilimia 63. Gego bovu mara nyingi limekwisha kuzipoteza kingo hizo kabla daktari hajaligusa. Kuta zilizosalia husukumwa huku na huku kila tutafunapo, kama kabari ipasuavyo gogo.

Basi namna ya kulitengeneza jino ndiyo huamua umri wake. Kujaza shimo tu hakuzifungi kuta hizo barabara. Kofia inayofunika ncha zote za gego huzishika pamoja. Utafiti wa Aquilino na Caplan wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba meno yaliyotibiwa mizizi bila kuvikwa kofia yalipotea kwa kasi mara sita kuliko yaliyovikwa. Nacho kijiti kinachotiwa ndani ya mzizi hakiongezi nguvu, kama wengi wadhanivyo. Kazi yake ni kushikilia kijazio pale jino lilipobaki kidogo mno. Hata kofia yenyewe haifai kitu isipokumbatia jino zima, yapata milimita 2 kuzunguka pande zote, juu ya ufizi. Kweli, jino la mbele lenye tundu dogo huweza kutosheka na kuzibwa. Gego lililobomoka haliwezi.

Hapa ndipo sisi wa lugha tunapoingia. Wataalamu wa Kiingereza waliuita mkumbatio huo kwa jina la pete itiwayo kwenye mpini ili mti usipasuke. Kiswahili kina neno hilo tangu zamani: noleo. Fundi wa visu alijua kwamba mpini usio na noleo hupasuka. Angeambiwa kwamba gego lake lahitaji noleo, mkulima wetu angeelewa mara moja kwamba kazi haijakwisha. Badala yake tumempa kitenzi "kuziba", kinachomaliza mazungumzo kabla ya tiba kumalizika.

Huenda msomaji akasema kwamba tatizo ni fedha wala si maneno. Ni kweli kwamba kofia ni ghali. Lakini mtu asiyeelezwa gharama yote tangu mwanzo hawezi kuipanga, wala kuamua kwamba heri kung'oa kuliko kulipia nusu ya tiba.

Kwa hiyo, walimu wa Kiswahili na wa sayansi washirikiane. Mwanafunzi aulizwe darasani tofauti ya kuziba, kuvika na kutia noleo, kisha ampelekee mzazi wake jawabu. Naye mzazi, akiketi kwenye kiti cha daktari, aulize swali moja kabla ya kulipa: baada ya kuziba, ni nini kitakachozuia jino hili lisipasuke?