Intaneti nayo ni barabara

Wadau, kuna watu bado wanadhani intaneti ni mahali pa kupiga soga na kuangalia picha za harusi. Mimi nasema ni barabara, tena ya biashara.

Mwangalieni mfanyabiashara wa leo. Anapanda treni ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, safari zilizoanza mwaka 2024. Kabla hajafika Morogoro ameshatuma ankara, ameshajibu wateja Instagram, na ameshauliza mzigo wake wa Guangzhou umefikia wapi. Duka lake liko kiganjani. Hata sisi waandishi, chumba cha habari siku hizi ni simu na chaja.

Sasa kumbukeni 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi 3 Novemba. Siku tano duka limefungwa, na mwenye duka hana ufunguo.

Najua wapo watakaosema usalama kwanza. Sawa. Lakini mtu aliyekwama safarini siku ya hatari anahitaji nini kuliko habari za uhakika? Ukimnyima hizo, atabaki na uvumi, na uvumi hauhitaji bando.

Serikali ingefunga Barabara ya Morogoro siku tano, tungedai maelezo. Kwa nini hii nyingine tunaisamehe? Mimi nataka sheria iseme wazi: nani anaruhusiwa kuzima, kwa sababu gani, kwa muda gani, na nani anamfidia aliyepoteza wateja.

Nyie mnasemaje?