Kutomfufua Mgonjwa Si Kumtupa: Majibu kwa Madai Matano

Mgonjwa wa Nyangwe, mashariki mwa Kongo, akizidiwa, ndugu humpeleka Kasongo, kwenye hospitali kuu ya rufaa, kwa pikipiki au kwa namna yoyote itakayopatikana. Akiwa ni mzee ambaye saratani imeshamwenea mwilini, linakuja swali ambalo kila mtu analikwepa: moyo wake ukisimama, abonyezwe kifua au aachwe apumzike? Jibu likiwa aachwe, likajadiliwa mapema na kuandikwa kwenye faili, ndilo agizo la kutofufua. Agizo hili limesingiziwa mengi. Hapa nayajibu matano.

1. «Munganga akiandika hivyo, ameshamuua.»

Agizo hili halianzi kazi mpaka moyo umesimama na pumzi imekatika. Kabla ya hapo halikati dawa, halizimi oksijeni, wala halimchomi mtu sindano. Kinachoua ni ugonjwa. Kumkatisha mtu uhai kwa makusudi ili asiteseke ni jambo jingine kabisa, na agizo hili halimpi daktari ruhusa hiyo.

2. «Kifua kikibonyezwa, mtu huamka.»

Huamka kwenye filamu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichunguza tamthilia za hospitali za televisheni, wakakuta robo tatu ya waliofufuliwa walirudiwa na uhai pale pale. Katika hospitali halisi za nchi hiyo hiyo, zenye mashine za kupumulia na wauguzi usiku kucha, kati ya wagonjwa watano ambao moyo umesimama wodini, anayerudi nyumbani hai ni mmoja au zaidi kidogo. Kwa aliyedhoofishwa na saratani iliyoenea, matumaini ni madogo zaidi.

Njia hii ya kubonyeza kifua, iliyotangazwa na watafiti wa Baltimore mwaka 1960, inafaa hasa moyo uliosimama ghafla katika mwili ambao bado una nguvu. Mtoto aliyeopolewa mto Lualaba, au mama ambaye moyo umesimama mezani wakati wa upasuaji, aanziwe mara moja bila kuuliza. Mzee anayemalizwa na ugonjwa usioponyeka ni habari nyingine. Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita tano au zaidi, na mbavu zake huweza kuvunjika. Akirudi, anarudi kwenye ugonjwa ule ule, pengine na ubongo uliokosa oksijeni.

Kasongo yenyewe iliwahi kuuliza swali gumu la namna hii. Mwaka 1981 timu ya Mradi wa Kasongo, mradi wa huduma za afya, ilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi kuhusu chanjo ya surua: je, mtoto aliyeepushwa na surua huishi, au huja kuuawa na ugonjwa mwingine? Jibu lao, lililotilia shaka faida hiyo, lilipingwa sana baadaye, na chanjo ikathibitika kuokoa watoto. Lakini kipimo chao kilikuwa sahihi: usiulize tu kama huduma imetolewa, uliza mtu amefaidi nini.

3. «Akishaandikiwa hivyo, hakuna atakayemtibu tena.»

Hofu hii ina msingi. Wakati wa Korona, Uingereza ilikuta wagonjwa walioandikiwa agizo hili bila wao wala jamaa zao kuulizwa. Tume inayokagua huduma za afya ilitoa ripoti juu ya hayo Machi 2021. Kuandika hivyo kulikuwa kuvunja kanuni. Tayari mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikuwa imeamua kwamba mgonjwa lazima ashirikishwe, isipokuwa mazungumzo yenyewe yatamdhuru. Agizo linahusu tendo moja tu: kufufua. Malaria itatibiwa, damu itaongezwa inapohitajika, kidonda kitasafishwa, maumivu yatatulizwa. Muuguzi anayelitumia kama kisingizio cha kutofika kitandani anastahili kuulizwa.

4. «Dini inakataza.»

Kasongo ina Waislamu tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na ina jimbo la Kanisa Katoliki, kwa hiyo dai hili lina uzito. Ila kamati ya kudumu ya fatwa ya Saudi Arabia, katika fatwa namba 12086 ya mwaka 1409 Hijria, iliruhusu kutomfufua mgonjwa madaktari watatu waaminifu wakikubaliana kuwa haitamfaa. Upande wa Wakatoliki, Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa dawa za usingizi, Novemba 1957, kwamba mtu halazimiki kutumia njia zilizopita kawaida ili kurefusha maisha. Saa ya kufa iko mikononi mwa Mungu, na dini zote mbili zinafundisha hivyo. Sasa kwa nini kubonyeza kifua bila faida kuhesabiwe kuwa imani?

5. «Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hata mashine hatuna.»

Hapa ndipo agizo linapohitajika zaidi. Pasipo na mashine ya kupumulia, uamuzi wa kutofufua unafanyika hata hivyo, kimyakimya: muuguzi wa zamu ya usiku anaamua peke yake, na asubuhi familia inaambiwa tu kwamba baba amekwenda. Wengine huuza mbuzi na baiskeli kulipia siku za mwisho ambazo hakuna aliyewaeleza zingekuwaje. Na kutuliza maumivu hakungoji mashine: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, hutumia mofini ya kunywa, na tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika.

Basi familia isidai agizo lifutwe. Idai liandikwe sawasawa. Mgonjwa mwenye fahamu aulizwe kwanza, kwa lugha yake, akiwa na mtu anayemwamini. Asiyeweza kusema, jamaa waseme yeye angetaka nini, si wao wanataka nini; hapo hakuna mtoto atakayelaumiwa matangani kwamba alimuua baba yake. Tarehe, sababu na jina la daktari viwepo. Hali ikibadilika, au mgonjwa akibadili mawazo, agizo lifutwe siku hiyo hiyo. Daktari asiyekubali masharti hayo hana haki ya kuliandika.