Kati ya Nyumba Mbili



Mwezi wa Septemba ukifika, huku Koni matofali yamekwisha kuchomwa, na kila ajengaye hutazama mawingu. Wengi wenu mwajenga, nanyi mngali katika nyumba ya kupanga ambayo mkataba wake utakwisha kabla ya bati la kwanza kupigiliwa. Leo twataka kunena juu ya ile miezi miwili mitatu ya katikati, kwani ndiyo inayokula akiba ya jamaa nyingi.

Wazee wetu waliijua taabu hii kwa sura nyingine. Union Minière, iliyojenga kituo cha umeme hapa penye maporomoko ya mto Lufira karibu na mwaka 1950, iliwapa watumishi wake nyumba pamoja na kazi, kama ilivyofanya katika kambi zake za Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mtu hakuhesabu kodi kila mwisho wa mwezi. Lakini kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha, na asiyejenga kwao alifunga vitanda bila kujua atavishusha wapi. Leo wajukuu wao wengi ni wapangaji, na hesabu ambayo babu hakufundishwa yawapasa kujifunza wenyewe.

Tunamjua baba mmoja wa hapa, jina hatulitaji. Mkataba wake ulikuwa ukomee mwisho wa Septemba. Mwezi wa Julai alikuwa na fedha mkononi, akanunua simenti na mbao, akamlipa fundi, hata senti haikubaki. Kwa mwenye nyumba hakwenda. Alifikiri moyoni, «Huyu ni mtu mwema, atanivumilia.» Mwenye nyumba naye aliona ukimya ule, akafahamu kwamba mpangaji aondoka, akapokea fedha za mwingine. Siku ya kwanza ya Oktoba wageni walisimama mlangoni na mizigo yao. Mama na watoto wakahamia chumba kimoja kilichofunikwa turubai, na mvua ya kwanza ikaingia katika mifuko ya simenti.

Twawauliza: kodi ya miezi miwili ingekuwa zaidi ya hasara ile? Hata kidogo.

Basi aonaye kwamba nyumba yake haitakuwa tayari, na amwendee mwenye nyumba miezi mitatu kabla, wala asingojee wiki ya mwisho. Aombe kubaki kwa mwezi mmoja mmoja, si kwa mwaka mwingine. Neno hili liandikwe: kodi ni kiasi gani, italipwa tarehe gani, na taarifa ya kuondoka itatolewa siku ngapi kabla. Watie sahihi wote wawili, na shahidi mmoja. Karatasi ya daftari la shule yatosha. Pasipo maandishi, mmoja atadai mwaka mzima umeanza upya, na mwingine atasema alikaa kwa hisani tu. Tena waseme mapema juu ya nusu ya mwezi: ukitoka tarehe 12, utalipa siku kumi na mbili au mwezi mzima? Ugomvi mwingi tuliousikia ulizaliwa hapo.

Mwenye nyumba akitaka nyongeza kwa miezi hiyo, usikasirike upesi. Hesabu kwanza gharama ya kuhama mara mbili: gari la mizigo, kabati litakalovunjika, kodi ya chumba cha kungojea. Pengine nyongeza ni nafuu.

Sasa garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yaamuru kwamba kwa nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu, ingawa wako wanaodai zaidi. Wapangaji wengi, wakikaribia kutoka, huacha kulipa na kusema, «Tunakula garanti.» Tunajua kwa nini: mwenye nyumba amekwisha kuitumia, nao waogopa kwamba hairudi. Hatuwalaumu sana. Lakini kuila kimya kimya si haki. Huenda mwenye nyumba ni mjane ambaye kodi hiyo ndiyo chakula cha watoto wake, naye angojea fedha ambazo wewe umekwisha kuzihesabu kuwa zako. Mwambieni wazi, mkubaliane ni miezi mingapi italiwa na kiasi gani kitabaki kwa ajili ya kitasa kilichovunjika au deni la umeme. Andikeni hilo pia.

Jambo moja zaidi, nalo ni la ndani ya nyumba. Mume asifiche tarehe ya mkataba. Mama aijuaye atatenga kodi ya miezi mitatu kabla fedha hazijaenda kwa muuza mabati, na kuta zikingoja kipwa kingine, zitangoja. Mtoto mwenye homa hangoji. Wengine huwapeleka watoto kwa ndugu huko Kikula au Panda. Kwa wiki mbili, sawa. Kwa muhula mzima, shule yaharibika, na ndugu naye ana wake.

Yule baba alipata paa mwezi wa Februari. Mifuko minne ya simenti iliyoganda ingali uani pake, na mkewe huanikia vyombo juu yake.