Jina la Nyota Haliuzwi

Wako watu wanaotangaza kwamba wanauza majina ya nyota. Unalipa, unaletewa hati yenye muhuri, na tangu siku hiyo, wanasema, nyota fulani yaitwa kwa jina la mtoto wako au la marehemu mzazi wako. Sisi twasema wazi: huo ni udanganyifu. Na wanaonaswa upesi ni wenye msiba, maana mtu anayelia haulizi maswali mengi.

Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ambao ndio unaothibitisha majina yanayotumiwa na wataalamu, hauuzi jina hata moja, wala hauyatambui yaliyonunuliwa. Muuzaji huandika katika daftari lake mwenyewe, basi. Kesho mwenzake aweza kuuza nyota ile ile kwa mtu mwingine, na wote wawili wamekwisha kupokea fedha.

Tazameni jinsi jina la kweli linavyopatikana. Mwezi wa sita, saa tatu ya usiku, elekeeni kusini. Karibu na Msalaba mtaona nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo tunayoisema. Usiku wote zinazoipita kwa mwanga ni mbili tu. Ptolemaios wa Alexandria, katika karne ya 2, aliiandika kuwa iko kwenye ncha ya mguu wa mbele wa Kentauri, yule wa hadithi za Wayunani, nusu mtu nusu farasi. Waarabu walipotafsiri kitabu chake walisema “rijl”, yaani mguu, na Wazungu wakalipokea neno hilo kwa Kiarabu chake kibovu: Rigil Kentaurus. Jina la pili, Toliman, latoka katika neno la Kiarabu la mbuni, wale ndege wakubwa. Golius, Mholanzi, alilipiga chapa hivyo mwaka 1669. Liko na la tatu, Bungula. Masikioni petu lalia kama jina la kijiji cha Katanga, lakini tusijisifu bure: wataalamu wadhani ni neno la Kilatini la ukwato.

Basi anayesema majina haya ni mali ya Wazungu peke yao, naye akosa. Myunani wa Misri, Mwarabu, Mholanzi, kila mmoja alitia mkono.

Mwezi wa Desemba 1689 Padri Jean Richaud, Myezuiti, alikuwa Pondicherry, Uhindi, akichungua nyota yenye mkia. Alipoielekezea darubini nyota yetu, aliona si moja, bali mbili. Macho matupu hayawezi kuzitenga. Zazungukana, na mzunguko mmoja ni miaka 80 hivi, umri wa mzee. Mwaka 1915 Robert Innes, kule Johannesburg, alivumbua ya tatu, hafifu sana, iliyo karibu na jua letu kupita zote. Ikaitwa Proxima, “ya karibu kabisa”. Padri hakujiandika juu ya nyota, wala Innes hakujiandika. Na Umoja ule ulipokata shauri, haukubuni neno: mwaka 2016 iliyo kubwa ilithibitishiwa Rigil Kentaurus, mwaka 2018 mwenzake akapata Toliman.

Wauza hati na watuonyeshe mtaalamu mmoja tu anayetumia jina waliloliuza. Nanyi mliokwisha kununua, wadaini fedha zenu.