Saa Kumi na Moja Jioni, Bado Wako Sokoni

Likizo iliyopita, katika sala ya jumuiya nyumbani kwetu, mzee mmoja alisimama wakati wa kushirikishana Neno akasema vijana wa siku hizi wanachagua kazi. Wengi waliitikia kwa vichwa. Pembeni yangu alikaa rafiki yangu tuliyemaliza naye kidato cha sita. Ana shahada ya ualimu, ana miaka miwili tangu avae joho, na siku moja kabla alikuwa kwenye kibarua cha kumwagilia bustani ya mchicha ya jirani. Hakusema kitu. Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia, "Frateri, wewe ukiulizwa unafanya nini siku hizi, jibu unalo."

Nimerudi na neno hilo seminarini. Nina miaka 25 kama yeye. Asubuhi kengele inaniambia pa kwenda, chakula nakikuta mezani, na sehemu ya chakula hicho imetokana na michango ya waamini kama wazazi wake. Hakuna anayeniuliza kwa nini bado nasoma. Yeye alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kwa sasa deni analo, mshahara hana.

Tufanye hesabu kabla ya kulaumu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Maombi yalizidi 135,000. Ni zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi moja. Hata kama waombaji wote wangekuwa wachapakazi, wenye adabu na wenye vyeti visivyo na doa, zaidi ya 133,000 walikuwa lazima warudi nyumbani. Uvivu hauelezi hesabu hiyo.

Najua jibu linalofuata: wajiajiri. Ni ushauri mzuri kwa mwenye mtaji, kiwanja au mjomba mwenye duka. Asiye navyo anaanza na deni. Wengine wanashauriwa wakasome uzamili. Kwa aliyeitiwa utafiti ni njia njema, lakini nimeona familia ikiuza shamba ili kijana apate shahada ya pili, kwa sababu tu ya kwanza haikufungua mlango. Wengine wanarudi chuo cha ufundi kujifunza umeme au ushonaji. Hao nawapongeza, ingawa mtaani wanachekwa: digrii nzima, anashona!

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka kutafuta vibarua. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati hapa, kwa kuwa saa zetu zinahesabiwa kama za Biblia. Saa kumi na moja ya mfano ule ndiyo saa kumi na moja yetu ya jioni, jua linapokaribia kuzama. Anawakuta watu wamesimama, anawauliza kwa nini wamekaa kutwa bila kazi. Wanamjibu kuwa hakuna aliyewaajiri.

Mara nyingi tunauhubiri mfano huu kama fundisho juu ya neema, na ndivyo ulivyo. Lakini tusiruke hatua hii ndogo: mwenye shamba anaulizia, anasikiliza jibu, na analiamini. Hawaambii kwamba wanachagua kazi. Anawapeleka shambani, na jioni anawalipa dinari, ujira wa siku nzima, kwa sababu aliyekaa sokoni kutwa naye ana watoto wanaosubiri kula. Sisi katika jumuiya zetu tuna swali la mwenye shamba, lakini hatuna masikio yake.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliandika kwamba ukosefu wa kazi unaumiza kwa namna ya pekee unapowapata vijana waliokwisha kuandaliwa kwa masomo na taaluma. Waraka huo huo unafundisha kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeifanya. Kwa hiyo mwalimu anayemwagilia mchicha hajapungua utu hata chembe. Ila fundisho hilo tusiligeuze kuwa kifuniko cha kumnyamazisha.

Tufanye nini basi? Chama chetu cha vijana kinaitwa VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, na njia tuliyorithi kwa Kardinali Cardijn ni kuona, kuamua na kutenda. Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa parokia.

Kwanza, kila jumuiya iwajue wahitimu wake: nani yuko nyumbani, amesomea nini, anaweza nini. Tunaandika kwa makini nani hajalipa zaka. Daftari hilo hilo lina nafasi ya orodha nyingine.

Pili, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa vijana, mikopo hiyo inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa. Parokia ina ukumbi, ina wahasibu na wanasheria wanaokaa viti vya mbele kila Jumapili. Jumamosi moja inatosha kuwasaidia vijana kuandika katiba ya kikundi na mchanganuo wa biashara.

Tatu, na hili linatuhusu sisi wa ndani: pale tunapowatumia wahitimu, tuwalipe. Mwalimu anayefundisha mwaka mzima kwa jina la kujitolea, akipewa nauli na shukrani, anafanya kazi. Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wawape wafanyakazi ujira wa haki. Hatuwezi kuhubiri dinari ya saa kumi na moja huku tukiizuia.

Nimalizie kwa kukiri. Siku ile mzee aliposema vijana wanachagua kazi, nami nilinyamaza. Niliogopa kumpinga mtu mzima mbele ya watu, na rafiki yangu aliuona ukimya wangu kabla ya kuniambia yale ya njiani. Likizo ijayo nitakwenda kwa mzee huyo nyumbani kwake, nimwamkie, nimwombe jambo moja tu: amwite kijana yule, amuulize amefikia wapi, kisha amsikilize hadi amalize.